Anashinda hospitali, analala kwao: hebu tuelewane hapa

Jumatatu iliyopita alikuja mzee mmoja kutoka Pongwe na mpwa wake, kijana wa miaka 22, wiki ya tatu hatoki chumbani, anasikia watu wanamsema ukutani, chakula anakula kilichopikwa na mama yake tu na mama mwenyewe lazima aonje kwanza mbele yake. Tukampokea, daktari akakaa nae karibu saa nzima, mama akaulizwa maswali yake, tukakubaliana kijana aanze matibabu ya mchana, yaani aje asubuhi, ashinde na sisi, jioni arudi kwao. Mzee alinyamaza, akaitazama ile karatasi, halafu akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, sisi tumeleta mgonjwa. Hatujaleta mtoto wa chekechea."

Chekechea nimeshaisikia, kijiwe nimeshakisikia, "kule kwenye drafti" nimeshaisikia, na yote hayo nayameza kwa sababu mzee kama yule ana mgonjwa ndani, hajalala siku ngapi, ana haki ya kusema lolote. Kilichonikalisha kuandika usiku huu ni simu ya Alhamisi. Mwenzangu kabisa, mtu wa afya, kasoma kama nilivyosoma mimi, ananiambia "sista nakuletea mmoja, hana shida kubwa huyu, akashinde tu hapo kwenu." Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, hapa Tanga huu mwaka wa 14, na hilo "tu" limenikaa kooni kama mwiba wa changu.

Nadhani lugha yenyewe inatuponza kidogo. Sisi tunasema mtu kalazwa. Kitanda kimo ndani ya neno. Ukisikia fulani kalazwa unaona shuka, unaona uji wa asubuhi, unaona ndugu wanaingia saa ya kuona wagonjwa na machungwa mkononi. Asiyelazwa huyo ni wa dirishani, anachukua dawa zake anaondoka. Na vitabu vyetu vya MTUHA, vile vya kuandikia takwimu za hospitali, vimekaa hivyohivyo, wagonjwa wa nje na wagonjwa wa ndani, kwa hiyo huyu wangu anayekuja saa 2 asubuhi na kutoka saa 9 alasiri, Jumatatu mpaka Ijumaa, namwandika wa nje kila siku kama vile amekuja na mafua mara tano. Ikiwa kitabu cha kazi hakina pa kumweka, mzee wa Pongwe atamweka wapi kichwani kwake?

Halafu ajabu ni kwamba Tanga hiihii watu wameshazoea kumuona kijana anakwenda hospitali ya mkoa, Bombo, kila siku kunywa methadone yake, ile dawa ya walioathirika na heroini, mbele ya mhudumu na kurudi nyumbani, na wanajua kabisa yule yuko kwenye tiba, tena tiba kali, maana wanamwona alivyokuwa na alivyo sasa. Hajalala wodini hata usiku mmoja. Kumbe inawezekana.

Matibabu ya mchana ni kazi ya wodini yote kasoro kitanda cha usiku, na hapa sitakaa sana. Daktari anamwona mgonjwa mara kwa mara, hasubiri tarehe ya mwezi ujao, dawa zinapangwa na kupangwa upya, presha na uzito vinapimwa, kuna vikundi vya mazungumzo, kuna kukaa na mshauri peke yako, kuna kazi za mikono ambazo kwetu ni bustani, cherehani na kusuka ukili, kuna chakula cha mchana, kuna kikao na familia. Wengine wanaanzia hapa na wodini hawafiki kabisa, wengine wanatoka wodini wanapita hapa kwanza ili wasitupwe ghafla nyumbani baada ya mwezi mzima wa kupangiwa kila kitu. Ni wiki kadhaa, halafu kliniki ya kawaida.

Sasa hapa ndio nataka tukae.

Watu wengi, wenye vyeti wakiwemo, wamejijengea ngazi kichwani: anaumwa kidogo, kliniki, anaumwa kiasi, akashinde, anaumwa sana, alazwe, kashindikana, Dodoma, hospitali ya akili ya Mirembe. Mgonjwa anapandishwa na kushushwa hiyo ngazi kwa kutazamwa usoni tu, anayepiga kelele juu, aliyenyamaza chini. Na ndio maana mwenzangu ananiletea mtu ambaye "hana shida kubwa", kwa sababu kwenye ngazi yake mimi niko kipandio cha pili kutoka chini.

Hebu tazama kule ambako hii huduma ina masharti ya maandishi. Marekani, Medicare, ile bima ya serikali ya wazee na baadhi ya wenye ulemavu, inataka daktari athibitishe kwamba bila hiyo programu ya mchana mgonjwa angehitaji kulazwa, na mpango wake wa matibabu uonyeshe anahitaji si chini ya masaa 20 kwa wiki. Angehitaji kulazwa. Yaani tunamzungumzia mgonjwa yuleyule wa wodini, sauti zilezile, depresheni ileile ya mtu asiyeoga wiki mbili. Asiye na shida kubwa hastahili hata kuletwa, unampotezea muda wake na kazi yake, aje kliniki apewe ushauri arudi dukani kwake.

Kinachoamua nani alale na nani arudi ni usiku. Nimelisema hili kwenye vikao mpaka sauti imekauka. Ukileta mgonjwa kwangu dalili zake nitazisikiliza ndio, lakini maswali yangu mengi yanaanzia magharibi. Nani yupo ndani jua likizama? Analala chumba kimoja na nani? Mlango unafungwa na nani? Dawa zinakaa wapi, na sumu ya panya, na dawa za shambani? Amefikiria kujiua, na kama amefikiria, amefika mahali pa kupanga atafanyaje? Amempiga mtu, na huyo aliyempiga ndie atakayelala nae leo? Anakunywa pombe kiasi gani, maana mlevi wa kila siku akiacha ghafla anaweza kuanguka degedege siku mbili za kwanza na huyo anahitaji wodi yenye watu macho usiku kucha, hata kama mchana anaongea vizuri kuliko mimi.

Kwa hiyo dada mwenye depresheni nzito, anaongea kwa kunong'ona, kilo zimemtoka, lakini mume analala ubavuni kwake na mama mkwe yuko mlango wa pili na dawa zimefungiwa kabatini, huyo naweza kumtibu mchana na akapona vizuri tu. Na kaka mwenye dalili ambazo ukimtazama ni za wastani, anacheka, ananisalimia, lakini amepanga chumba peke yake Makorora, ndugu wa karibu yuko Handeni, na jana usiku kishaamua namna ya kujimaliza, huyo analala wodini leo hii na hatutabishana. Kwa ngazi yao ningefanya kinyume chake. Watu wanakufa kwa hiyo ngazi.

Hili la usiku nililijua kwa kusoma kabla sijalijua kweli, na nitasema nilivyolijua kweli ingawa sio jambo napenda kulisimulia. Miaka sita nyuma tulimpokea kijana wa Sahare, anasikia sauti, hana fujo, anakubali dawa. Aliyemleta ni kaka mtu. Nikamuuliza vizuri kabisa, usiku unalala nae? Akasema ndio sista, chumba kimoja, godoro lake na langu yamegusana, akigeuka tu najua. Nikaandika: nyumbani salama, usiku yupo kaka. Nikatia saini.

Kaka hakunidanganya. Kaka ni mvuvi wa dagaa, na siku niliyomuuliza ilikuwa mbalamwezi. Wanaovua dagaa kwa taa mwezi ukiwa mpevu wanakaa nchi kavu, bahari yote ina mwanga, dagaa hawaifuati taa. Wiki ile alikuwa analala nyumbani kweli. Baadae likaingia giza, na giza likiingia mvuvi anatoka magharibi anarudi asubuhi, na alikuwa anarudi kwa wakati, ananawa, anamleta mdogo wake kwetu saa 2 kama tulivyokubaliana, macho mekundu, mimi nadhani ni moshi wa jikoni. Usiku kucha yule kijana yuko peke yake na sauti zake. Asubuhi tunamuuliza umelalaje, anasema vibaya, tunaandika "usingizi hafifu" na dozi ya jioni inapandishwa kidogo. Tulifanya hivyo mara mbili. Usiku wa sita au wa saba, saa 10 alfajiri, watu waliokuwa wanashusha samaki walimkuta kakaa ndani ya maji, yamemfika kifuani, anajibizana na mtu asiyeonekana. Walimtoa salama. Alilazwa siku ileile na baada ya wiki tatu akarudi kwetu, sasa hivi anauza mihogo ya kukaanga na akiniona ananikatia kipande.

Mimi mtoto wa pwani, nimelelewa na watu wanaojua bamvua na giza kuliko kalenda, halafu nikauliza usiku kama vile usiku wote ni mmoja. Siku hizi sijazi ile fomu bila kuuliza kazi za kila mtu wa nyumba ile. Mlinzi anaingia zamu saa ngapi. Dereva wa lori la kwenda Dar analala wapi. Mama wa maandazi anaamka saa 9 usiku kukanda, nani anabaki na mgonjwa wakati yeye yuko uani na jiko. Wanafunzi wananiona nauliza mambo ya mwezi mpevu wanadhani nimeingia unajimu.

Kuna jambo moja la kushinda ambalo watu hawalihesabu, nalo ni macho ya kumtazama mtu masaa saba mfululizo. Mgonjwa wa kliniki ya mwezi unamwona dakika 10, na katika hizo nusu anaongea ndugu yake. Sasa chukua kijana ameanzishwa haloperidoli, dawa ya kuzima sauti. Siku ya tatu, ya nne, anaanza kutembea. Anakaa, anainuka, anazunguka benchi, anakaa, anakanyaga mguu huu na huu kama mtu aliyebanwa na haja. Nyumbani wanasema ugonjwa umezidi, hatulii. Akifika kliniki ndugu anasema "hatulii kabisa dokta", na mara nyingi sana, jamani mara nyingi sana, dozi inapandishwa, na yeye anazidi kutembea, wiki ijayo anakataa dawa, wanasema kashindikana. Mimi nikiwa nimeshinda nae naona kwamba akitembea mazungumzo yake yamenyooka. Basi naenda kutembea nae. Tunazunguka mwembe wetu pale uani mara mbili tatu, namuuliza swali moja tu: "Kinachokuinua ni mawazo au ni miguu?" Wa mwisho kumuuliza alisimama, akainama akajishika mapaja, akasema, "Miguu sista. Inawaka ndani, nikikaa inanichoma." Hiyo ni dawa, ugonjwa haujazidi popote. Dozi ikapunguzwa, akaongezewa propranololi ya kutuliza hiyo miguu, baada ya siku chache alikaa akala wali na samaki mpaka akamaliza sahani kwenye kiti kimoja, na mama yake alilia kwa kumwona amekaa.

Na ile nyingine, shingo kupinda na ulimi kukaza na macho kuangalia juu, ambayo inapenda sana vijana wa kiume siku za mwanzo za dawa hizohizo, hiyo inatokea jioni nyumbani na nyumba nzima inasema jini limerudi kwa hasira. Siku ya kwanza kabisa nawaambia: shingo ikipinda msisubiri asubuhi na msiende popote pengine, njooni hospitali usiku uleule, ni sindano na inanyooka. Ukimwambia mtu kabla, anaiona kama dawa. Ukimwambia baada, umeshachelewa, jina la jini limeshajulikana.

Sasa nije kwa wale wanaosema hii ni mbinu ya kubana matumizi, huduma ya maskini waliokosa vitanda. Ni kweli ilianza kwa kukosa vitanda. Hospitali ya mchana ya kwanza inayotajwa ni ya Moscow, 1933, daktari anaitwa Dzhagarov, alikuwa na wagonjwa wengi na vitanda hana. Lakini 1946 daktari wa akili Joshua Bierer akafungua ya kwake London na mwaka huohuo Montreal wakafungua yao, na hao hoja yao ilikuwa nyingine, kwamba kumng'oa mtu kwake kuna madhara yake na tusimng'oe bila sababu. Marekani walipotunga sheria ya vituo vya afya ya akili vya jamii 1963, hii ya mchana wakaihesabu katika huduma tano za lazima.

Na isionekane ni mambo ya wazungu. Mwaka 1954 kule Abeokuta, Nigeria, daktari wa akili Thomas Adeoye Lambo alikuwa na hospitali ya Aro ambayo majengo hayajaisha. Akaenda kwenye vijiji jirani akaomba nyumba. Mgonjwa anakuja na ndugu yake, mama au dada, wanapanga chumba kijijini, ndugu anapika anafua, asubuhi mgonjwa anakwenda hospitali kwenye matibabu, jioni anarudi kijijini, watu wanamwona anatembea barabarani kama mtu. Angalia alivyolipatia lile swali la usiku: kama mgonjwa kwao ni mbali, ndugu anahamishiwa karibu na hospitali. Na Frantz Fanon, ambaye wengi tunamjua kwa siasa na kusahau alikuwa daktari wa akili, alifungua ya mchana Tunis 1958 ndani ya hospitali ya Charles-Nicolle, na hoja yake mimi naitumia mpaka leo: ukimfungia mtu unamtenga na ule ugomvi wake wa nyumbani na kazini, unatibu kivuli. Akirudi kila jioni ugomvi anaukuta, asubuhi anakuletea mezani ukiwa mbichi.

Mchukue huyu kijana wa Pongwe. Wodini chakula kinatoka sufuria moja, kila mtu anakula, na yeye pengine angekula, tungeandika "anakula vizuri" na kumruhusu baada ya mwezi akaikute sufuria ya mama palepale alipoiacha. Akija mchana, kila jioni anarudi kwenye ile sufuria. Kila asubuhi namuuliza, jana nani alionja? Hilo ndilo jambo lenyewe, na liko Pongwe, haliko wodini.

Mkoa wetu wenyewe una Lutindi, juu kule Usambara wilaya ya Korogwe, ilianza 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani na baadae ikawa hospitali ya akili ya kanisa la Kilutheri. Kule wanalala ndio, lakini nenda ukaangalie mchana wao, chai, useremala, kazi. Kitanda ni cha kulala tu.

Wanaopenda ushahidi wa utafiti: mkubwa uliofanyika ni wa Ulaya, miji mitano, Dresden, London, Prague, Wrocław na Michalovce, wagonjwa 1,117, ulitoka 2007. Waligawa kwa bahati nasibu, hawa walale hawa washinde. Kwenye dalili hawakuachana. Kwenye kuishi na watu, kufanya shughuli zako, kurudi kuwa mtu wa nyumbani, waliokuwa wanashinda walifanya vizuri zaidi. Ila msome vizuri, maana wapo wenzangu wanaoubeba huu utafiti kama bendera: waliokuwa hatari sana au walioletwa kwa nguvu za sheria waliondolewa kabla ya kugawa. Hauna maana kwamba wodi zifungwe. Una maana kwamba katika wale tunaowalaza wapo ambao hawakuhitaji kitanda, na hicho kitanda kilikuwa cha mtu mwingine.

Na mimi nina mashaka yangu ambayo kwenye semina hayasemwi. Sina uhakika kinachoponya kwetu ni nini hasa. Tuna vikundi, tuna ratiba ukutani, tuna malengo ya wiki, lakini kuna siku natazama watu wangu naona kama nusu ya dawa ni kwamba mtu aliamka, akaoga, akavaa, akapanda daladala akasema "shusha hapo", na mahali fulani kuna watu wakimkosa wanauliza yuko wapi. Kikundi chenyewe siku nyingine ni kibovu, mtu mmoja anaongea wengine wanasinzia kwa dawa, na bado kesho wanakuja. Nikisema hivi wakubwa hawapendi maana huwezi kukiandikia bajeti kitu kama hicho.

Mashaka ya pili ni akina mama. Nikisema "nyumbani salama", mara 9 kati ya 10 nina maana ya mwanamke mmoja. Mama, dada, mke, shangazi. Wodi inafanya kazi kwa zamu tatu, yeye ana zamu moja ya usiku wote na mchana ana biashara. Tunamwokolea mgonjwa kitanda na tunachukua usingizi wa mama yake, na hakuna pa kuuandika usingizi ule. Nimemwona mama aliyekuja kumchukua mwanae jioni akalala benchi letu kabla hajafungua mdomo. Siku hizi kikao cha familia naanza na yeye, analala saa ngapi, nani anampokea. Haitoshi, najua haitoshi.

Na nauli. Mtu wa Chumbageni anakuja na baiskeli, mtu wa Pongwe daladala kwenda kurudi siku 5, tena siku za mwanzo na msindikizaji, ni wanne kwa siku ukihesabu viti. Wengi wanaopotea hawakukataa tiba. Pesa iliisha wiki ya pili wakaona haya kusema. Semeni. Tunaweza kupanga siku tatu badala ya tano, ni bora tatu za uhakika.

Ramadhani nayo kila mwaka naulizwa kama tunafunga kituo. Hatufungi. Chakula cha mchana kinabaki kwa wasiofunga, na dozi zinazowezekana tunazihamishia futari na daku, lakini zipo dawa na wapo watu ambao kufunga kwao ni hatari, mwili ukikauka dawa inazidi kwenye damu, lithiamu hasa, na hao tunakaa nao na familia na mara nyingi na shehe wao kabla mwezi haujaandama. Kisomo na kombe sina ugomvi navyo. Ugomvi wangu ni mtu kuambiwa aache vidonge ili kombe lifanye kazi, halafu analetwa kwangu wiki ya tatu akiwa amerudi nyuma kote. Ukija kwangu njoo na kila anachotumia, vya hospitali na vya mizizi, vyote mezani, hakuna atakayekusema.

Yule mzee wa Pongwe Jumatatu sikubishana nae chekechea. Nilimpa shikamoo yake tena, nikamwekea kiti, nikamwambia mzee wangu, kitanda ninacho, nikiona anakihitaji nitampa leo hii, lakini niambie kwanza usiku pale kwenu ukoje. Akaanza kusema "mama yake yupo", nikamwambia mama yake anauza chakula cha asubuhi stendi Kange, ameniambia mwenyewe, anatoka saa 10 alfajiri. Akanyamaza. Akaondoka na kijana na dawa za siku mbili, na shemeji yake akakaa macho siku hizo mbili.

Jumatano asubuhi akarudi. Alikuwa na karatasi ya daftari la shule imekunjwa mara nne, kaandika kwa mkono wake siku zote saba chini kwa chini, na mbele ya kila siku majina mawili, wa usiku na wa alfajiri mama akitoka. Jumapili yeye mwenyewe. Jumatatu shangazi, amehama Muheza kuja kukaa mwezi. Jumanne tena shangazi, alfajiri jirani. Tukaisoma wote wawili kwa kidole mpaka Ijumaa, na mbele ya Ijumaa usiku hapakuwa na jina, maana shangazi ana kisomo cha marehemu mumewe kila Ijumaa na hawezi kukosa. Akaniuliza, "Siku moja tu, mwanangu, si atalala?" Nikatikisa kichwa. Akatoa simu, akasogea pale kwenye mwembe, nikamsikia anasema na mtu wa Duga, sauti ya chini, muda mrefu. Aliporudi aliomba kalamu.